Sikio la Nondo

Miaka ishirini na sita nimezisikiliza barabara za Moshi
kwa nondo, ncha moja chini, nyingine sikioni,
saa nane za usiku, mji umenyamaza,
mashine za kusaga zimezimwa, baa za Majengo zimechoka,
na bomba linaanza kusema.

Maji yanayofika kwa mwenyewe huguna.
Maji yanayopotea hunong'ona, sss, sss,
kama wasengenyaji kwenye benchi la nyuma kanisani.
Yametoka mlimani, yamelipiwa dawa, yamelipiwa umeme,
halafu yanakwenda kunywesha mizizi ya mijakaranda,
na kule Pasua wakunga wa zahanati
wananawa kwa kikombe, kutoka kwenye dumu.

Ndipo akaja Elinuru Pallangyo kutoka Arusha,
begi mgongoni, viatu vina vumbi la Sakina,
na visanduku vinne, kila kimoja kama kipande cha sabuni.
Kampuni yao, alisema, ni watu watano
na chumba kimoja juu ya duka la magodoro;
kikao kikirefuka, mmoja hushuka
akajinyoosha kwenye sampuli.

Nikamcheka. Nikasema, binti, mabomba haya ni ya mkoloni,
yalizikwa na ramani yake. Ramani ni mimi.
Akasema, Ndiyo maana nimekuja kwako, siyo kwa mabomba.

Majuma matatu nikawa mwalimu wa visanduku.
Hii ni pampu ya hoteli, msihangaike nayo.
Hilo ni lori la saruji linapanda Kiboriloni.
Hii sasa, tulieni, hii ndiyo yenyewe.
Naye akaipa kila sauti jina,
kama karani wa kliniki na kadi ya kichanga.

Babu yangu, Uru, alikuwa mlinzi wa mfongo.
Alijua zamu ya kila kihamba
na faini ya mwizi wa maji: debe la mbege, linywewe mbele yake.
Hakuwa na neno kubwa la kuiita kazi ile.
Aliiita zamu.

Mwezi wa tano kisanduku cha tatu kikaamka usiku
kikanipigia simu.
Tukachimba Pasua, mita moja na nusu,
tukakuta kiziwa, cheupe, hakina haya hata kidogo.
Ijumaa bomba la zahanati likakohoa,
likatema kutu, likatoa.
Mkunga Ndeshukuru hakuhutubia mtu.
Alikichukua kile kikombe, akakilaza kifudifudi.

Ningeishia hapo mngepiga makofi.

Lakini ankara ya vijana iliingia ofisini kwetu mwezi wa sita,
ikapewa muhuri, ikapewa faili, ikapewa droo.
Siku themanini na moja.
Kule Sakina watano wakawa watatu:
mmoja anauza bima,
mmoja kachukuliwa Nairobi,
nasikia anayafundisha mabomba ya huko kwa sauti yangu.
Elinuru akapiga simu, koo kavu:
Mzee Kiwelu, mwenye nyumba anataka chumba chake.

Mimi sikusoma sana.
Ila najua maji yaliyokwisha ni kitu kimoja
na maji yaliyopotelea njiani ni kingine.

Jumatatu nikavaa koti la harusi,
nikabeba nondo yangu hadi ghorofa ya pili, idara ya malipo.
Nikagusisha ncha kwenye kabati la chuma,
nikainamisha sikio, nikafumba macho.
Wahasibu wakaacha chai.
Kuna aliyecheka, akaacha.
Nilisikiliza kama ninavyosikiliza barabara,
bila haraka,
mpaka mkubwa wao akauliza, Mzee, unasikia nini?

Nikamwambia, Nyamaza kidogo.

Hapa.